Kifundo Hakipigi Magoti

Mguu wangu wa kulia uliteguka mara ya kwanza kwenye kibanja cha migomba cha mama mkwe, Muleba, nikiteremka na mkungu wa ndizi kichwani baada ya mvua. Baada ya hapo ukawa unateguka wenyewe, bila mkungu wala mvua. Nimesimama kwenye meza yangu ya ndizi sokoni Bukoba, namweleza mteja kwamba bei aliyotaja ni ya maganda, mara kifundo kinakunjika na mimi niko chini pamoja na hoja yangu. Mteja akiona muuzaji ameanguka, anadhani na bei imeanguka.

Kwa miaka kadhaa mama mkwe ndiye aliyenitibu. Ni mjane, na mikono yake ya kuchua inajulikana hadi Kanazi. Alipasha majani ya mgomba motoni, akayafunga kifundoni, akavuta. Nilipopiga kelele alisema hiyo ndiyo dalili kwamba dawa inaingia. Sisemi hakunisaidia. Uvimbe ulishuka kila mara. Lakini kinachoshuka kila mara maana yake kila mara kimepanda, na mimi hesabu naifanya pande zote mbili.

Mwishowe nikavuka ziwa kwenda Mwanza. Daktari wa mifupa alikishika kifundo changu, akakisukuma mbele na nyuma kama mtu anayejaribu droo mbovu. Akasema kano za upande wa nje zimelegea kama mpira wa soksi ya zamani. Kwa sababu ya kuteguka huko, mifupa imegongana hadi kipande cha gegedu, ule utando mgumu, wenye kuteleza, unaofunika ncha ya mfupa, kimebanduka. Akasema ataingiza kamera nyembamba kupitia tundu dogo na vifaa kupitia tundu jingine, asafishe, atoboe mfupa vitundu ili damu ije kujenga kifuniko kipya, kisha akaze kano. Nikauliza atanipasua kiasi gani. Akanionyesha ncha ya kalamu. Nikakubali hapo hapo. Ukitajiwa bei nzuri humuulizi mtu sababu.

Bei yenyewe ilikuja baadaye. Wiki sita bila kukanyaga. Nikamwambia tufanye nne. Akasema sita. Nikamwambia nne na nusu, na mkungu wa ndizi za kupika juu yake. Akasema ndizi atazila na wiki zitabaki sita.

Halafu akaniuliza kama huwa napiga magoti. Nikamjibu kwamba mimi ni mke wa Mhaya.

“Basi sikiliza,” akasema. “Ukikalia visigino unavuta pale pale nitakapokaza. Mpaka nikuone tena na niridhike, usipige magoti. Ukizilegeza tena hizi kano, sijui kama nitapata cha kukaza mara ya pili.”

Walinichoma sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo nilikuwa macho, na runinga ya ile kamera ilielekea upande wangu. Nikaona ndani ya kifundo changu: peupe kama nyama ya sangara, isipokuwa sehemu moja iliyochanika na kuning’inia. Nilipatazama pale palipochanika, nikatazama tena. Tangu siku ile hakuna mtu wa kuniambia mguu wangu ni mzima kwa sababu anauona kwa nje.

Nilikaa kwangu Bilele, Bukoba mjini, na magongo, nikauza ndizi kwa simu, nikagundua naweza kubishana nikiwa nimelala. Magongo yalipoondoka ikabaki soksi ya kubana na lile katazo la magoti, pamoja na safari ya Muleba, kwani ndizi zangu zinatoka kwenye kibanja kile na mama mkwe alikuwa ameanza kuuliza kama nimekufa. Mume wangu akanishauri nipige goti kidogo tu, jambo la dakika moja. Nikamwomba aende akanipigie yeye. Akakumbuka ana kazi.

Na si dakika moja. Kule mke wa mtoto hupiga magoti na kumshika mzee mikono, asinyanyuke mpaka aitikiwe. Mama mkwe kabla ya kuitikia huuliza hali ya nyumba, ya watoto, na ya ng’ombe ambao hatunao.

Nilisimama mlangoni, nikainama, nikanyoosha mikono yote miwili, nikamwamkia kwa Kihaya. Akaitazama mikono, akatazama nyasi safi alizozitandika sakafuni. Hakuitikia. Akauliza ni nani siku hizi anawafundisha wanawake wa mjini kuamkia wazee kama mgambo.

Nikamweleza. Akataka kuona kidonda. Nikavua soksi, akauvuta mguu kwenye mwanga wa mlango, akakitafuta muda mrefu.

“Wamekupasua wapi? Mwiba wa mlimao unaacha alama kubwa kuliko hii.”

Hapo nikajua nimekuja na ushahidi mdogo. Kijijini kwetu ugonjwa hupimwa kwa kovu. Jirani yake mmoja aliyepasuliwa tumbo kutoka hapa mpaka hapa alisamehewa magoti msimu mzima. Mimi nilikuwa na vidoa.

Akaanza kushusha bei. Kwanza nipigie juu ya mto. Kisha nipige na kunyanyuka papo hapo. Kisha goti moja. Nilizifahamu hatua hizo, ndizo ninazokulia ugali: mtu akikubali nusu, iliyobaki ataitoa mwenyewe.

“Goti moja tu, mwanangu,” akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. “Mimi ni mzee. Nikifa utasema uliniamkia umesimama?”

Hiyo iliniingia. Lakini niliufikiria ule mteremko nyuma ya nyumba, na meza yangu sokoni, na miaka yote ya kuanguka mbele ya wateja.

“Nitasema hivyo, Mama. Nitasema nilisimama, na kwamba niliweza kusimama.”

“Mikono hii ndiyo iliyokutibu.”

“Ilinituliza. Nilikuwa narudi kila mvua.”

Akakaza kanga yake kiunoni. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambayo hupewa kila aliyeamkia, kilibaki ubavuni mwake. Sikukiangalia. Nilikuwa na hamu nayo, lakini ukionyesha hamu umeshauzwa.

Nikachukua panga, nikatoka kwenda kukata ndizi. Akanifuata. Mteremko ulikuwa umelowa, na katikati yake nikakanyaga kipande cha mgomba kilichooza. Mguu ukaenda kwa nje, upande ule ule wa siku zote. Nikasubiri ardhi. Kifundo kikavutika, kikakaza, kikanishika.

Nilipogeuka, mkono wake ulikuwa karibu na kiwiko changu, umefunguka tayari. Akaurudisha kwenye kanga.

“Bado hujaniamkia,” akasema.

“Nimekuamkia, Mama. Hujaitikia.”

Akaninyang’anya panga, akanipita, akaenda kunichagulia mkungu. Akachagua mdogo. Nikamwonyesha mkubwa.