Kigae cha Kurukia

Mwalimu wa viungo wa shule ya mjukuu wangu, hapa mjini Solo, ana filimbi shingoni ambayo sijawahi kuisikia ikilia. Kila asubuhi huvunja kigae cha paa, akakisugua kingo kwa jiwe mpaka zisikate, kisha huchora visanduku vya mchezo wa engklek uwanjani kwa chaki. Watoto waliolelewa na simu hutupa kigae na kukifuata kwa mguu mmoja. Anayeyumba hupewa bega la mwalimu alishike, naye mwalimu hamtazami hata kidogo.

Mjukuu wangu Damarjati alikibonyeza kisanduku kwa kidole, akangoja kifunguke. Kina mama langoni wakaangua kicheko.

"Mwalimu," nikamwambia, "ukoo wetu umecheza ngoma za kasri vizazi vitatu. Mwandike kuwa anaumwa, aondoke."

"Damu ipo, Eyang," alijibu, akiniita bibi kwa lugha yetu, kwa sauti yake ya usingizi. "Ila miguu bado haijapata habari." Akaniwekea kigae mkononi. "Haya, bibi mtu amwonyeshe."

Nikakunja batiki yangu, nikaruka kisanduku cha kwanza, nikaruka cha pili, cha tatu kikanikimbia. Bega la mwalimu lilikuwa pale pale, na macho yake yalikuwa kwenye paa la shule.

"Mmeona?" akawatangazia watoto na kina mama. "Eyang amewaonyesha namna ya kushika bega!"

Kisha akaninong'oneza, "Kesho mje wote wawili."

Leo nimekuta ameandaa vigae viwili. Changu amekisugua zaidi.