Kamba ya mbuzi ya Ma Adelina

Masikio yangu bado yanakataa. Ma Adelina, tumekuzika jana, na leo asubuhi nimetoka nje nikidhani nimesikia kengele ya baiskeli yako.

Ninyi mnaosimama mbele ya ubao huu wa matangazo ya vijana kusoma, nivumilieni. Jana makaburini niliitwa niseme neno kwa niaba ya familia alizozisaidia, sauti ikakauka. Mnanijua, mimi ni binti wa Ta Faustini wa Ihembe, niliyemaliza shule mwaka huu, yule mnayesema anaongea na ardhi kwa aibu. Kuandika naweza.

Ilikuwa homa tu. Jumapili alisimama kanisani akatangaza mgao. Ijumaa tukaambiwa hayupo.

Kwa msiomfahamu, ndiye aliyepeleka mgao wa kamati ya usharika kwa wasiojiweza. Unga, maharage, kipande cha sabuni. Kila mwezi alitoka Kituntu na baiskeli, milimani akiisukuma, na alifika akiwa anacheka.

Baba aliingizwa kwenye mgao mwaka ule barabara yetu ilipojaa malori ya wakimbizi. Yeye alikuwa juu ya lori la kahawa. Lilipinduka, na mkono wake wa kulia ukakatwa.

Tangu hapo Baba alikaa. Hakuna aliyemkataza kazi, ila hakuna aliyemwita. Hata kwenye msiba, ambako kwetu kila mwanamume hushika jembe, yeye aliletewa kiti. "Ta Faustini, wewe kaa, umeumia." Walimpenda. Lakini mimi niliona jinsi alivyokitazama kile kiti.

Ma Adelina hakuwa na tabia ya kuuliza watu wanaumwa wapi. Siku moja aliweka unga chini, akamuuliza Baba, "Jana ulifanya nini?"

"Nilikaa, waitu," akajibu kwa neno letu la heshima na upendo.

"Na juzi?"

Ma Adelina akamtazama miguu kwa muda. "Na hii iliumia kwenye lori?"

Haikuumia. Basi akamwambia kwamba kesho jirani yetu anakamua ndizi, na ndizi hukanyagwa kwa miguu, hazihitaji mkono wa kulia wa mtu.

Baba alikataa. Sababu tuliijua wote nyumbani, hatukuitamka. Kamati ikimwona anafanya kazi, itasema anajiweza, na mgao utakatwa. Ndizi za jirani zingeisha kesho hiyohiyo. Wiki inayofuata tungekula nini?

Ma Adelina hakubishana naye. Alikwenda kwenye mitingi ya kamati. Nilikuwepo, nikimimina chai. Aliomba kwamba mtu akianza kazi aachiwe mgao mpaka kazi yenyewe iweze kumshikilia, maana ukimnyang'anya siku ya kwanza, kesho hathubutu tena. Mzee mmoja akasema usharika hauwezi kumlisha mtu anayetengeneza rubisi.

Ma Adelina akajibu taratibu. "Mzee wangu, inapotoka chini ya miguu yake ni juisi. Ikikaa ikawa pombe, waulizwe wanaoingoja."

Watu wakatazama vikombe vyao. Mmoja akapaliwa na chai. Baba akaachiwa mgao.

Siku ya kwanza haikuwa nzuri. Mkono mmoja ulimnyima mizani, akateleza, akaanguka ndani ya hori la mti la kukanyagia, katikati ya ndizi na nyasi za kukamulia. Alitoka akitafuta viatu vyake arudi nyumbani. Ma Adelina, aliyekuja kutazama, hakusema pole. Alimfungua mbuzi wa jirani, akachukua kamba yake, akaifunga kwenye tawi lililo juu ya hori na kumshikisha Baba kwa mkono wa kushoto. Mbuzi akaingia kwenye maharage, na hakuna aliyemjali.

Vijana waliokuwa wakikanyaga naye wakaanza maneno yao. "Leo Ta Faustini amefungwa malishoni."

Baba akalia kama mbuzi.

Jamani. Hatukuwa tumemsikia Baba akitania tangu lile lori. Mama aligeuka akajifanya anaokota nyasi.

Baada ya hapo aliitwa huku na huku, mpaka Nyaishozi, na kamba yake begani. Mwisho mgao aliukataa mwenyewe, akamwambia Ma Adelina ampe mwingine.

"Sasa nitakuja kwako kufanya nini?"

"Kunywa juisi," Baba akasema.

Alikuja. Alikunywa. Mwezi uliopita aliketi jikoni kwetu akaniambia nisiwe na haraka na sauti yangu, itakuja siku itakapokuwa na kazi.

Jana haikuja.

Watu wa Kituntu, tulikomzika, hawamjui Baba. Walipoona ule mkono wa shati uliokunjwa, wakamletea kiti. "Mzee, kaa." Baba akashukuru. Akavua viatu, akaviweka juu ya kiti.

Udongo ulipoanza kurudishwa, akashuka kaburini. Kila walipomwaga, alikanyaga polepole kutoka pembeni kwenda katikati, kama anavyoanza ndizi zikiwa bado ngumu. Mtu mmoja akataka kumzuia, wengine wakamwambia amwache. Kisha nikaona anayumba. Kamba hakuja nayo, nani angebeba kamba kwenda kuzika?

Nikapita katikati ya wanaume wote wale, mimi ninayeogopa hata kuvuka mbele ya kwaya, nikapiga magoti ukingoni na kumpa bega langu. Akalishika kwa mkono wa kushoto. Akaendelea mpaka udongo ukawa sawa.

Ma Adelina, ukiulizwa huko uliko, jana Ta Faustini alifanya nini, waambie alifanya kazi, na hakuteleza.

Usingizi mwema, waitu.