Sinia la Mama Baada ya Sinema

Nakumbuka gari la sinema lilivyokuja kwetu Temeke, enzi za Mwingereza. Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na sitaki initoke.

Nilikuwa kuli bandarini, mchekeshaji wa bure. Nilimwigiza mnyapara wetu, tumbo mbele, kofia kisogoni, mpaka mwenyewe akacheka. Mzungu mmoja wa sinema za serikali akaniona. Akanitaka niigize mtu mchafu katika picha ya kufundisha usafi, na picha yenyewe ipigwe nyumbani kwetu. Nikajiona nimefika!

Mama alikuwa akiuza vitumbua barazani. Kusikia wageni wanakuja, akapaka nyumba chokaa, akafagia uwanja, akajifunga kanga mpya. Yule Mzungu alitazama, akatikisa kichwa. Vijana wake wakamwaga taka mlangoni na kuupaka matope ukuta ule ule. Mama akanitazama.

"Mchezo tu huu, Mama," nikamwambia. "Kila mtu atajua."

Nani alijua? Gari la sinema likaja, picha ikaonyeshwa kwenye kiwanja cha mtaa baada ya magharibi. Sauti ikasema, tazameni nyumba ya mtu huyu, ndiyo maana watoto wanaugua. Mlango ulikuwa wetu, na sinia lilikuwa la Mama, limejaa nzi. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mie nilicheka kuwashinda.

Kesho yake sinia lilirudi ndani na vitumbua vyote. Watu waliokula mkononi mwake tangu sijaota meno walisalimia, wakapita. Bi Mwanaidi, tuliyepakana naye ukuta, angalau alisema kweli: "Shoga, siyaamini yale. Ila nikivitazama tu, naiona ile picha."

Mama hakunigombeza. Alisema, "Baba, mbona waliomwaga taka hawakuonyeshwa?" Hakukaanga tena.

Mie niliendelea kuitwa kwenye picha zao. Nimekuwa mlevi, mwizi, mshamba aliyepotea mjini. Miaka yote ile hawakuniita hata mara moja kuigiza mtu aliyeoga. Inaniuma mpaka leo.

Leo wamekuita wewe; sikukatazi kuigiza, mwanangu. Chekesha watu, ni kazi ya halali. Lakini anayekuja kukuomba sura yako, muulize kwanza atakuita nani mbele za watu, maana yeye ataondoka na gari lake na wewe utabaki mtaani. Na mlango wa mama yako, anapouzia naye vitumbua, usimwazime mtu.

Nenda, Mungu akulindie jina lako. Na mama yako amjaalie vitumbua vyake viishe mapema, kila asubuhi.