Sikio la Kulia la Fundi Pontiani

Kabla hajagusa skrubu yoyote, Pontiani aliwanyamazisha watu. Huo ndio ulikuwa mtindo wake na Rumonge nzima, mji wa Burundi kando ya ziwa, iliujua. Akiinama juu ya kabureta, hata mwuza ndagala wa ng'ambo ya barabara aliacha kunadi dagaa zake, maana fundi alikuwa anasikiliza. Aliwasha injini, akafumba macho, akazungusha bisibisi robo, akairudisha kidogo, na mahali fulani katikati hapo injini ilitulia, ikaanza kuunguruma sawasawa. Madereva wa pikipiki walisema fundi huyu hahitaji kipimo, kipimo ni yeye mwenyewe. Naye, tusimfichie, alipenda sana kuambiwa hivyo.

Ufundi aliupata Kasulu, upande wa Tanzania, miaka ya ukimbizi, alipokuwa akitoka kambini Mtabila kwenda kumsaidia fundi mmoja mjini. Mwaka 2012 alirudi Burundi na mkewe Clotilda, boksi moja la spana, na Kiswahili kilichonyooka ambacho wenyeji wanamcheka nacho mpaka leo.

Jambo moja hakumwambia mtu. Kwa miaka miwili sikio lake la kulia lilikuwa limekufa kabisa. La kushoto lilikuwa bado linashika maneno ya watu, lakini milio myembamba ilikuwa imeliponyoka. Wa kwanza kumpotea walikuwa nyenje, akadhani ni msimu tu. Clotilda aliona mumewe ameota kiburi, kwa sababu akimwita kutoka upande wa kulia, haitiki. Pontiani aliona afadhali aitwe mwenye kiburi kuliko kuitwa kiziwi. Nani angempa injini yake fundi asiyesikia? Basi akawa anaweka kiganja juu ya tangi na kuisikiliza injini kwa mkono, huku amefumba macho vilevile, na watu wananyamaza vilevile. Aliogopa, na kila siku woga ulimzidi kidogo.

Ndipo Modeste alipokuja na pikipiki yake. Modeste ni kijana wa Uvira anayepandisha mawese milimani, madumu mawili kwa safari, mpaka Bururi. Injini yake Pontiani ndiye aliyeibadilisha mwaka uliopita: aliitanua silinda, akaitia pistoni kubwa na kabureta ya pikipiki yenye nguvu zaidi. Ilipanda milima bila kulalamika, ila huko juu hewa ni nyepesi, petroli inazidi, plagi inaingia masizi, na injini inakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Na ulikuwa mwaka wa shida ya petroli. Vituo vilikauka wiki kwa wiki, na watu waliishi kwa madumu yaliyovushwa ziwani, yakauzwa kando ya barabara katika chupa za maji.

"Fundi, hii moto iko nakunywa sana," Modeste alisema, akiigonga pikipiki yake. "Munipunguzie."

Fundi yeyote wa pwani hii anajua hatari ya ombi hilo. Ukiipunguzia injini petroli kwa ajili ya milima, ikishuka tena ziwani, kwenye hewa nzito, itakuwa na njaa. Injini yenye njaa inachemka mpaka inajiyeyusha. Dawa ni moja tu: uibane huku chini, uiendeshe kwa kasi, usikilize. Ikiwa umepitiliza, itatoa mlio mwembamba sana, kama punje za mchanga juu ya bati. Ukiusikia, unarudisha.

Pontiani alitoa kile kijishaba chenye tundu linalopima petroli ndani ya kabureta, akaweka kingine chenye tundu dogo zaidi. Akaiendesha kwa kasi kwenye barabara ya ziwani, shingo ameiinamisha, sikio la kushoto limeelekea injini. Hakusikia kitu. Akarudi, akamwambia Modeste iko sawa.

Siku ya nne, kwenye tambarare ya kwenda Nyanza-Lac, pikipiki ikiwa na mzigo na mwendo umefunguliwa wote, pistoni iliyeyuka na injini ikakamata. Gurudumu la nyuma liligoma ghafla. Modeste alirushwa, akavunjika bega, na mawese yakatapakaa barabarani.

Pikipiki ilipoletwa gereji, madereva walikuwa wameshahukumu. Asubuhi ile Modeste alijaza kwa Zipora, mjane anayeuza petroli katika chupa hatua chache kutoka kwa Pontiani, na anayeimba kwaya pamoja na Clotilda. Walisema kachanganya na mafuta ya taa. Mwaka ule wengi walichanganya, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mara mbili.

Pontiani alifunga mlango, akaifungua injini peke yake. Mafuta ya taa yangeacha plagi nyeusi. Hii ilikuwa nyeupe kama chaki, na juu yake vimeganda vitone vidogo vya alumini ya pistoni. Akachukua petroli iliyobaki tangini, akadondosha matone juu ya ukurasa wa daftari. Mafuta ya taa huacha doa. Karatasi ilikauka, ikabaki safi. Aliikunja karatasi ile, akaitia plagi kwenye mfuko wa shati.

Fabiano, mkubwa wa chama cha madereva, alipomwuliza mlangoni kama petroli ilikuwa mbaya, Pontiani alitikisa kichwa akasema petroli za siku hizi, mtu hawezi kujua. Hakusema uongo. Ndivyo alivyojiambia, na alijiambia mara nyingi.

Kesho yake chupa za Zipora zilipigwa mateke, petroli yote ikanywewa na vumbi. Jioni Zipora alikuja gereji. Upande wa kulia palikuwa na meza ya kazi, akasimama kushoto kwa fundi, akasema kwa sauti ya chini ili wapita njia wasisikie, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Baba Irakoze, nyinyi munajua mafuta yangu. Moto yenu wenyewe munaijazia kwangu. Muwaambie."

Pontiani aliendelea kupangusa spana ambayo tayari ilikuwa safi. Akamjibu kwamba ataangalia. Zipora akasema murakoze, akaondoka, na asante ile ikamkaa fundi kifuani wiki nzima. Clotilda alimwambia kwamba Zipora haonekani tena kwaya. Alijiona mtu duni, na alikuwa hakosei.

Jumamosi asubuhi madereva walikusanyika mbele ya gereji ili wamwondoe Zipora barabarani moja kwa moja. Modeste alikuja mkono umefungwa kwa kitenge. Zipora alisimama na kikapu cha chupa tupu. Fabiano alisema fundi ndiye aliyefungua injini, basi aseme neno moja, wamalize.

Pontiani akaitoa ile plagi mfukoni, akaiweka kiganjani pa Fabiano.

"Petroli ya Zipora ni safi," alisema. "Injini niliichoma mimi. Niliibana kupita kiasi, ikalia, na sikuusikia mlio wake. Sisikii. Ni miaka miwili sasa."

Wengine walicheka wakidhani anatania. Kisha kicheko kikakatika na nyuso zote zikamgeukia, zikingoja, naye hakujua zinangoja nini mpaka Modeste aliponyoosha kidole. Fabiano alikuwa amezunguka, amesimama nyuma ya bega lake la kulia. Alikuwa amemwita mara tatu.

Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimwuma zaidi. Madereva waliondoka mmoja mmoja. Wawili walioacha injini zao kwake tangu juzi waliingia gereji, wakazitoa, wakazibeba hivyo hivyo zikiwa zimefunguliwa nusu. Modeste aliitazama pikipiki yake, akalitazama bega lake, akaenda zake.

Alibaki Zipora. Pontiani akaanza kumweleza habari za sikio: lilivyoanza, alivyoficha hata kwa mkewe, ilivyo kusimama mbele ya injini usiyoisikia. Alieleza kwa kirefu, machozi yakimlenga, na moyoni alitumaini mwanamke huyu, kuliko watu wote, atamwelewa.

Zipora alimwacha amalize. Kisha akazunguka polepole, akaja upande wa kushoto, akasimama palepale aliposimama jioni ile.

"Pole kwa sikio," alisema. "Lakini mimi nilisemea hapa, Baba Irakoze. Na mulinisikia muzuri."