Hatua Ishirini na Tano za Ukingoni

Alhamisi, mwezi wa nne. Mvua ilianza saa nane mchana na mpaka sasa ninapoandika haijakatika.

Leo nimetoka kwenye darasa la kompyuta. Niseme vizuri: sikufukuzwa. Mwalimu, msichana aliye rika la kifungua mimba wangu, alitwambia tangu wiki ya kwanza kwamba nafasi za kuendelea ni chache, na atakayekosa zoezi la mwisho atawaachia wengine. Nilisikia. Wanaoendelea ndio wanaopelekwa kujifunza kazi maofisini. Magoti yangu hayataki tena kuchuma chai, na hii ndiyo njia pekee niliyokuwa nimeiona.

Zoezi lilikuwa la maumbo. Kila mtu apime vitu vitatu vya kwao, mstatili, duara na pembetatu, kisha aandike methodi tatu. Methodi ni kipande cha programu chenye jina lake. Unakiita, unakipa vipimo, kinakurudishia eneo. Mimi niliyeishia darasa la nane, neno hilo lilinichukua siku tisa kuingia kichwani, na sina hakika liliingia lote.

Mlango wetu ulipita. Mdomo wa tangi la maji ulipita. Kwa pembetatu nilichagua kipande chetu cha mahindi hapa Shinyalu, kile kinachochongoka kuelekea msitu. Nilitembea kando ya barabara, hatua thelathini. Nikakata kona, nikafuata ukingo mpaka nchani, hatua ishirini na tano. Ukingo wa pili, vilevile. Nikaandika thelathini kuwa kitako, ishirini na tano kuwa kimo. Kompyuta ikajibu mia tatu sabini na tano bila kusita, nami nikaamini nimejua.

Mwalimu aliichora kwenye daftari langu. "Mama, hii ishirini na tano ulitembea wapi?"

"Ukingoni."

"Kimo kinapita katikati, kutoka barabarani moja kwa moja hadi nchani. Ni ishirini. Jibu ni mia tatu."

"Katikati kuna mahindi, mwalimu. Yamefika magotini. Kwetu hatukanyagangi mahindi tukipima."

"Si ungehesabu tu? Pande zote unazo."

Sikujua kama inahesabika.

Askari mstaafu ninayekaa naye benchi moja akasema, "Mama, mimi yangu nilichora kwa karatasi, nikapima na rula. Huko hakuna mahindi."

Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Yeye amepita. Jibu lake lilikuwa sahihi, siwezi kusema vingine.

Niliomba kurudia, akanikatalia. Methodi yenyewe nilikuwa nimeiandika sawa, na mwalimu alilisema hilo mbele ya wote. Lakini jana alimkatalia mwenzetu kwa kosa dogo kuliko langu. Akinikubalia mimi atakuwa amemdhulumu yule. Hata mimi ningeamua hivyo. Hapo ndipo ninapoishiwa nguvu. Ningepata mtu wa kukasirikia, labda ningepumua.

Nilipofika nyumbani mzee wangu aliuliza, "Umepita?"

"Sijapita."

Hakunikumbusha kwamba aliniambia tangu mwanzo darasa hilo si la watu wa umri wangu. Aliinuka akasonga obusuma, ugali wetu, mwenyewe, tukala na mboga ya mrenda ya jana. Yeye na watoto walimaliza. Mimi nilikula matonge mawili.