Bi Pasi na kisanduku cha mama

Saa saba mchana, mashine tatu za kufulia zinanyamaza kwa mpigo. Katika chumba cha pasi cha hospitali, joto bado halijatoka. Mwanamke mfupi, mpana wa mabega, anasukuma kando rundo la shuka, anaweka mezani kompyuta mpakato yenye ufa kwenye kioo, kisha anaanza kuchapa kwa kidole kimoja.

“Huyu binamu yake baba ana watoto tisa,” anasema bila kuinua macho. “Tisa! Na mimi nina kidole kimoja.”

Wenzake humwita Bi Pasi. Ana miaka 53, ingawa mpaka juzijuzi alikuwa na 52, na hilo tutalifikia. Kwa miaka 22 amefua na kunyoosha shuka za wagonjwa, zipatazo 400 kwa siku. Mshahara humfikisha tarehe ishirini. Siku zinazobaki huzivusha kwa kushona foronya. Kompyuta hakuwahi kuigusa.

Kilichomsukuma ni aibu. Kwenye msiba mmoja wa ukoo, kijana alimwamkia, “Shikamoo shangazi.”

“Nikaitikia marahaba, lakini simjui ni wa nani,” anasimulia. “Nikajiuliza, nikifa mimi, wanangu watamjua nani?”

Binti yake, karani wa duka la vifaa, akamwekea programu ya kuandika ukoo. Ilimtaka aanze na yeye mwenyewe. Akajiandika. Ikamuuliza baba, akamwandika. Ikamuuliza mama. Hapo akakwama.

Bi Pasi alilelewa na mama mkubwa. Mama aliyemzaa alimwacha kwa dada yake akiwa na miaka miwili, akaenda kutafuta kazi mbali, akaolewa hukohuko. Hata kwenye harusi ya Bi Pasi hakutokea. Tangu siku hiyo, miaka 31 iliyopita, hawakusemezana.

“Mama mkubwa ndiye niliyemwita mama. Kanisomesha yeye, kanifunza kunyoosha kola yeye,” anasema. Alifariki miaka sita iliyopita.

Basi akamwandika yeye. Alipowaongeza ndugu wa mama mkubwa, programu ikampanga mama mzazi pembeni, kama mama mdogo.

“Nikasema huu ni uongo, tena nimeuandika kwa mkono wangu,” anaeleza. Akafuta. Kisanduku cha mama kikakaa kitupu wiki tatu.

“Mama, kiache wazi tu,” binti alimshauri.

“Siwezi. Kinanitazama.”

Mwishowe alimwomba mjomba wake namba ya simu. Alijiandalia swali moja tu, tarehe ya kuzaliwa, basi.

“Shikamoo,” alisema simu ilipopokewa.

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

“Mimi. Wa kwa dada yako.”

Bi Pasi akamweleza kuwa anaandika ukoo, akauliza tarehe. Kisha mama akataja tarehe yake taratibu, akauliza, “Na yako je, unaijua?” Akamtajia siku, mwezi na mwaka. Kumbe mwaka alioutumia maisha yake yote ulikadiriwa shuleni.

“Nimezeeka mwaka mzima kwa simu ya dakika kumi!” Bi Pasi anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya shuka.

Siku hiyo hakucheka. Mama alimweleza kuwa mumewe hakuwahi kujua kama ana mtoto mwingine, na kwamba aliogopa, akazoea kuogopa. Mume alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kisha akauliza, “Dada umemweka wapi?”

“Nimemtoa.”

“Mrudishe. Aanze yeye, mimi nifuate.”

“Nilikuwa na maneno ya miaka thelathini kifuani,” anasema Bi Pasi. “Yote yakaniishia hapo.”

Binti akagundua kuwa programu inaruhusu wote wawili, mzazi na mlezi. Mama naye aliomba siku chache azungumze na wanawe watatu. Siku ya tisa simu ikaita, sauti ya mwanamume.

“Shikamoo dada. Mimi ndiye mdogo wako wa mwisho. Tunasikia unaandika watu. Na sisi tuandike.”

Leo ukoo una watu 163, na kijana wa msibani amepatikana: ni mjukuu wa baba mkubwa wa Bi Pasi. Upande wa mama bado una mapengo mengi, na Bi Pasi anataka ayasikie mwenyewe, ana kwa ana, mama angali na kumbukumbu.

Wiki iliyopita alipeleka ombi la likizo ya siku saba. Kwenye sababu aliandika: kwenda kumwona mama. Karani wa utumishi akafungua faili, akakunja uso.

“Bi Pasi, mbona hapa ulishachukua likizo ya msiba wa mama?”

“Yule ni mama yangu,” alimjibu. “Na huyu ni mama yangu. Piga muhuri, mwanangu, basi linaondoka Ijumaa.”