Kwa Nini Nilimzika Mwalimu na Barakoa

Mke wangu alizikwa na barakoa usoni, na hakufa na korona.

Ilikuwa mwaka juzi, wakati hata wale makarau waliotukimbiza na rungu kwa kukosa barakoa walikuwa wameshasahau inavaliwa vipi.

Jamaa wa mochari aliishika na vidole viwili, akaniangalia.

"Mzee, hii pia tumvalishe?"

Nikamwambia mvalishe. Mwenyewe alisema hivyo.

Wacha niwaambie ilivyokuwa, halafu mseme ni nani alimuua. Mimi majina yangu ninayo tayari.

Naitwa Mureithi. Natengeneza akala pale Kariokor, viatu vya matairi. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo nikikosea mahali, nyinyi someni tu.

Lakini nilioa mwalimu. Teresiah.

Shauri Moyo hakuna aliyeniita Mureithi. Nilikuwa Bwana ya Mwalimu. Nikiingia kwa kinyozi wazee wananipisha kiti, na si kwa sababu yangu, ni kwa sababu ya chaki ya mtu mwingine. Nilikikalia hicho kiti vizuri sana.

Alikuwa anafundisha gredi ya tatu kwa shule ya mtu binafsi. Mwenyewe anaitwa Irungu, sisi tunamwita Mkurugenzi. Shule ya mabati, lakini watoto walikuwa wanatoka pale wakisoma gazeti.

Teresiah alikuwa na mazoea yake. Mtoto akikaa kuandika, lazima amkunje mkono wa sweta, mikunjo miwili, ndio usipake kitabu uchafu. Hata mimi nikishika kikombe cha chai alikuwa ananikunja shati. Nikimwambia mimi si wa gredi ya tatu, anasema, "Ungekuwa, ungekuwa unajua kusoma hiyo bili ya maji."

Basi korona ikaingia. Shule zikafungwa ghafla, kama duka la mtu aliyefiwa.

Mkurugenzi akasema walimu wafundishe kwa simu. Simu yao, bando yao. Teresiah anajifunika blanketi kitandani ndio redio ya jirani isiingie, anarekodi, "Watoto wangu, leo tunaongea kuhusu mimea." Anatoka hapo chini jasho linamtiririka. Halafu hakuna anayejibu, kwa sababu simu ya nyumba iko na baba, na baba ameenda kutafuta unga.

Wakubwa kwenye redio wanasema masomo yanaendelea. Yanaendelea wapi? Chini ya blanketi yangu.

Haikupita muda mrefu, Mkurugenzi akatuma neno kwamba hakuna karo, kwa hivyo hakuna mshahara. Mungu awabariki.

Siku moja nikapita pale shuleni. Nikasikia kelele ya kuku. Nikachungulia dirishani, na lilikuwa darasa lake. Madawati yamepasuliwa yakafanywa vizimba. Kwa ubao bado kuna mwandiko wa Teresiah, tarehe ya Machi, na chini yake kuku wanataga.

Nilipomwambia, aliuliza kitu kimoja tu.

"Wamefuta ubao?"

Nikasema bado. Akaendelea kuosha vyombo.

Akala hazikuwa zinauzika, watu hawatembei. Ndio akaamua kuuza mitumba Gikomba, nguo za watoto. Lakini akaniwekea sharti kwamba mtu yeyote asijue.

"Mtoto akinikuta nimekaa chini kwa nailoni nikipiga kelele hamsini hamsini, kesho nitamwambia nini akae kimya darasani?"

Kwa hivyo asubuhi anatoka nyumbani na mkoba na viatu vya kisigino. Majirani wanajua anafundisha watoto wa matajiri majumbani mwao. Akifika kwa kibanda changu, anaingia nyuma ya matairi. Anatoka na leso, kofia ya sufu na barakoa mpaka chini ya macho. Hata sauti alibadilisha, akaifanya nzito kama ya mtu amekula vumbi. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Akavuka kwenda Gikomba.

Na biashara ikashika. Watoto walikuwa wamerefuka wakiwa nyumbani, sweta zote zimekuwa fupi. Wazazi wanakuja nao wapimwe. Wengine walikuwa watoto wa darasa lake kabisa. Anawavalisha, anawavua, uso ameuinamisha wasimtambue.

Kitu kimoja kilimshangaza.

"Wateja wangu hawabishani bei," aliniambia. "Nikisema hamsini, wanatoa hamsini."

Nyinyi mnaijua Gikomba. Mtu anasema kumi hata kabla hajaiona nguo. Nikamwambia labda wanaogopa hiyo sauti yako. Akasema labda ni neema.

Tukaiacha hivyo.

Januari, shule zikafunguliwa. Mkurugenzi akapiga simu. Kuku ameuza, madarasa ameosha, arudi kazini kwa nusu mshahara. Mimi nilifurahi, siwafichi. Teresiah akatoa rinda lake la bluu, akalipiga pasi. Halafu akaketi kitandani nalo mapajani.

"Shuleni barakoa ni lazima?"

"Ni lazima. Serikali imesema."

"Basi siendi."

Sikuelewa. Akaichukua barakoa, akaivaa, akanigeukia.

"Hawa watoto wamenunua sweta kwangu. Nikisimama mbele yao hivi, wanaona nani?"

Nilimwangalia. Wallahi, hapo kitandani alikuwa ameketi yule mama wa sweta wa Gikomba. Kitambaa kilichomficha sokoni ndicho kingemuumbua darasani.

Akamwambia Mkurugenzi anaugua. Mkurugenzi hakuuliza anaugua nini. Alipata mwingine siku hiyo hiyo.

Kuanzia hapo alifungwa pande zote mbili. Akiivua sokoni, anakuwa Mwalimu aliyeanguka. Akirudi darasani nayo, anakuwa mama wa mitumba. Serikali ikaja ikasema barakoa basi, watu wakazitupa kwa mitaro. Yeye hangeweza. Mwishowe hata mtaani akaogopa kuivua, akiulizwa anasema ni kifua.

Kanisa akaacha. Chumba chetu cha kaunti kina dirisha moja, na hilo dirisha likakaa limefungwa mwaka baada ya mwaka. Alikuwa anakula barakoa ikiwa kidevuni, mlango ukigongwa inapanda. Mimi nilikuwa nakaa humo ndani naye nikihisi kama ukuta unasogea.

Kichwa kikaanza kumuuma. Alijua ni presha, mama yake alikuwa nayo. Zahanati iko karibu kabisa, lakini nesi wa pale ni Benta, na binti ya Benta, Lorraine, alikuwa mtoto wa darasa lake.

"Ataniambia nitoe barakoa nipimwe, kisha aniulize nafanya kazi wapi," Teresiah alisema. "Siendi kwa Benta."

Nikampeleka hospitali nyingine, kubwa, ya mbali. Tukapanga foleni mpaka jioni tukaambiwa dawa hakuna, turudi. Hakurudi. Akawa anameza panado za dukani.

Alianguka kwa kibanda changu asubuhi moja, nyuma ya matairi, akibadilisha. Kiatu kimoja cha mwalimu mguuni, mguu wa pili tayari ndara.

Tulimlaza kwa mkokoteni. Nikataka kumfungua uso apate hewa. Akanishika mkono, na alikuwa na nguvu bado.

"Usinitoe hii. Hata watu wakija kuniona."

Kabla hatujafika popote alikuwa ameenda.

Sina shamba, kwa hivyo tulimzika makaburini Lang'ata. Mkurugenzi Irungu alikuja. Akashika maiki akasema shule imepoteza nguzo. Aliongea kuhusu kujitolea, akaongea kuhusu wito. Kuku hakuwataja.

Nilikuwa natafuta cha kumrushia wakati msichana mrefu alisogea mbele. Ni Lorraine, sasa yuko junia sekondari. Alikuwa ameshika sweta ndogo ya kijani.

"Mwalimu aliniuzia hii," akasema. "Aliponivalisha, akanikunja mikono, mikunjo miwili. Nikamwambia mama, huyu ni Mwalimu wetu. Mama akanifinya ninyamaze."



Nikamgeukia Benta. Sikuhitaji hata kuuliza.

"Bwana ya Mwalimu, tulimjua karibu siku za kwanza," akasema. "Nikaandika kwa grupu ya wazazi. Nguo za watoto tununue kwake. Mtu asibishane bei. Na mtu asithubutu kumwita Mwalimu. Tulitaka tumtunzie heshima yake."

"Wote mlijua?"

"Wote."

"Na ulikuwa unamwona akipita zahanati?"



"Nilikuwa namwona akivuka upande ule mwingine wa barabara, ameshika kichwa. Nikasema nikimwita nitamwaibisha. Nikasema atakuja mwenyewe."

Nilitaka kumpiga. Mkono ulipanda kabisa. Halafu nikaona hata hakwepi, na ule mkono ukakosa pa kwenda.

Kumbe miaka yote hiyo Teresiah alikuwa amejificha kwa watu waliokuwa wanamwona. Yeye ameshika mlango kwa ndani, wao wameushika kwa nje, na kila mtu anadhani anamsaidia mwenzake.

Nikawaambia wale vijana wa jeneza wafungue. Nilitaka nimtoe ile barakoa. Hakukuwa tena na mtu wa kufichwa, aende na uso wake.

Pasta akanishika bega. "Mzee, skrubu zishakazwa. Mwache."

Ndio akaenda nayo.

Mimi bado nawalaumu. Nawalaumu wale wa ofisi kubwa waliofunga shule bila kuuliza mwalimu atakula nini. Namlaumu Irungu na kuku wake. Hata leo akipita Kariokor simuuzii akala, atembee miguu mitupu akitaka. Na kwa kinyozi siku hizi nasimama, hicho kiti sikitaki.

Lakini wewe unayesoma hii, Irungu si wako na serikali huiwezi. Wewe nakuachia hili moja.

Siku ukimkuta mwalimu wako ameketi chini mahali anauza soksi, usimfanyie heshima ya kunyamaza. Mwite Mwalimu. Mwite kwa sauti, mpaka wa kibanda cha pili asikie.

Kisha bishana naye bei.